Kisigino kinachouma kila asubuhi: je, ni mfupa ulioota?

"Habari daktari. Mimi ni mwalimu, mwanamke wa miaka 46, na kazi yangu ni ya kusimama kutwa. Huu ni mwezi wa 6 kisigino cha mguu wa kulia kinaniuma. Nikiamka asubuhi siwezi kukikanyagia, natembelea vidole hadi bafuni. Baadaye kinalegea, lakini nikikaa kusahihisha madaftari kisha nikisimama, maumivu yanaanza upya, na jioni ndiyo balaa. Kilianza wiki chache baada ya mimi kuamua kutembea saa nzima kila siku ili nipunguze uzito. Nimepigwa eksirei, nikaambiwa mfupa umeota na ndio unaochoma nyama kwa ndani, huenda nikahitaji upasuaji. Mtu mwingine akasema ni asidi ya yuriki, nikaacha nyama, sikuona tofauti. Nilichomwa sindano kisiginoni, nikapata nafuu kabisa kwa wiki 5 hivi, kisha yote yakarudi. Sasa nashauriwa nichome ya pili. Mazoezi nimeacha yote, na nyumbani natembea pekupeku ili mguu upumzike. Je, nichome hiyo sindano? Mfupa utolewe? Au ndiyo nizoee kuishi hivi?"

Dada yangu, pole sana. Kisigino kinachouma hakimlazi mtu hospitalini na kwa macho hakionekani kuwa na kasoro, kwa hiyo walio karibu nawe huenda hawaelewi kwa nini unapanga siku yako kwa kuhesabu hatua. Nashukuru umeeleza kwa kina, maana kwa ugonjwa huu maelezo ya mgonjwa yana thamani kuliko picha yoyote.

Nianze na maswali yako matatu, sababu zitafuata. Mfupa huo usitolewe. Sindano ya pili, kwa hali uliyoieleza, mimi nisingeanza nayo. Na hapana, huna haja ya kuzoea kuishi hivi: watu wengi sana wenye tatizo hili hupona bila kupasuliwa, ingawa hupona polepole. Kinachonisikitisha ni kwamba kwa miezi yote hiyo umepewa vya kutuliza maumivu, ukaongezewa na hofu, lakini tiba yenyewe bado hujaianza.

Maumivu ya chini ya kisigino, makali kwa hatua za mwanzo, yanayopungua mwili ukichangamka na kurudi baada ya kukaa au siku ikiisha, tena yaliyoanza baada ya kuongeza mwendo ghafla: hiyo ndiyo sura ya plantafasiitisi, maradhi ya ukanda wa unyayo. Unaweza kujipima hapo ulipo. Kaa, weka mguu wa kulia juu ya goti la kushoto, kisha kwa kidole gumba cha mkono bonyeza chini ya kisigino upande wa ndani, pale kisigino kinapoishia na tao la unyayo linapoanza. Ukishtuka kwa maumivu mahali hapohapo, mashaka yanapungua sana. Mara nyingi daktari naye huutambua ugonjwa kwa njia hiyo hiyo, yaani kwa kusikiliza na kubonyeza. Eksirei husaidia kuondoa shaka ya mambo mengine, kama mfupa wenye ufa.

Sasa huo mfupa ulioota. Neno hilo limewatisha watu wengi kuliko linavyostahili. Kwanza, mfupa huo ulioota, ambao ni kama mwiba mdogo, hauelekei sakafuni. Umelala, ncha yake ikitazama vidole, kwa hiyo ukikanyaga haukuchomi kutoka chini kama ulivyoelezwa. Pili, wapo watu wengi ambao eksirei zao zinaonyesha mwiba uleule na hawajawahi kuumwa kisigino hata siku moja, na wapo wengine wanaochechemea kila asubuhi ilhali mfupa wao hauna mwiba wowote. Mwiba ni alama ya kazi ambayo kisigino kimefanya kwa miaka. Siku utakapopona, ukipigwa eksirei tena utauona bado upo, nao hautakuwa na neno. Ndiyo maana nasema wazi kwamba kuutoa ili kutibu maumivu haya ni kukata kisichokuwa na kosa.

Kuhusu asidi ya yuriki: ugonjwa unaotokana nayo ni jongo, wengine huuita gauti. Jongo huvamia ghafla, mara nyingi usiku, na mahali linapopenda zaidi ni shina la kidole gumba cha mguu. Kiungo huvimba, huwa chekundu na cha moto, hata shuka likikigusa unalia. Halina tabia ya kuuma hatua kumi za asubuhi kisha kulegea. Kama hakuna daktari aliyekupima na kukuambia una jongo, kula nyama yako kama kawaida.

Tuje kwenye kiini. Chini ya unyayo wako kuna ukanda mnene na mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kutawanyika hadi kwenye mashina ya vidole. Mifupa ya unyayo imepangika kama upinde, na ukanda huu ndio kamba yake. Ukitaka kuuona, vuta kidole gumba cha mguu kwenda juu kwa mkono mmoja, kwa mwingine papasa katikati ya unyayo: utauhisi umekaza chini ya ngozi, na tao la unyayo litainuka machoni pako. Mtafiti J. H. Hicks aliueleza mwendo huu mwaka 1954, na hadi leo maelezo yake ndiyo tunayofundishia. Kila unapopiga hatua na kisigino kunyanyuka, vidole hukunjika kuelekea juu, ukanda hukaza, unyayo huwa imara, nawe unasukumwa mbele. Hayo hutokea maelfu ya mara kwa siku bila wewe kujua.

Ukanda huo ni kitu hai. Hujikarabati na hata kuimarika kadiri unavyotumika, ila kasi yake ni ndogo, kwa sababu haupati damu nyingi kama misuli. Mzigo ukiongezeka taratibu, unauwahi. Mzigo ukipanda ghafla, kama kutoka kutotembea kabisa hadi saa nzima kila siku juu ya kazi ya kusimama, uharibifu mdogomdogo unalimbikizana kuliko ukarabati. Pale ukanda unaposhikana na kisigino, nyuzi zake hupoteza mpangilio na kuwa nene. Kwa ultrasaundi, ukanda wenye afya kwa kawaida hauzidi unene wa milimita 4 hivi; kwa wagonjwa mara nyingi unazidi.

Hapa ndipo imani ya zamani ilipopinda. Kwa miaka mingi madaktari tuliamini tatizo ni uvimbe wa ndani, aina ile inayotulizwa na vidonge na steroidi, dawa kama ile ya sindano uliyochomwa. Mwaka 2003 Harvey Lemont na wenzake walichapisha uchunguzi wa vipande vya ukanda kutoka kwa wagonjwa 50 waliopasuliwa, na walichokuta ni tishu iliyochakaa, bila dalili za uvimbe huo waliotarajia. Jambo hili lina maana kubwa kwako. Tishu iliyochakaa haiponi kwa kupumzishwa tu wala kwa kuzimiwa maumivu. Inahitaji mzigo uliopimwa, unaoiambia ijijenge upya. Ukiupumzisha mguu kabisa, maumivu hupungua, lakini ukanda na misuli vinazidi kudhoofika, na siku ukirudi kazini kwa nguvu zote unaanzia nyuma ya pale ulipokuwa.

Asubuhi inauma zaidi kwa sababu usingizini unyayo hulegea na vidole huelekea chini, hivyo ukanda na misuli ya shavu la mguu hukaa vimefupika kwa saa nyingi. Hatua ya kwanza inavivuta kwa mkupuo mmoja. Kukaa kusahihisha madaftari kunafanya jambo lilelile kwa kiwango kidogo.

Naomba pia uangalie hilo shavu la mguu, maana kwa watu wengi ndilo mshirika wa kimya wa maradhi haya. Simama ukitazama ukuta, ncha ya kidole gumba ikiwa sentimita 10 kutoka ukutani, kisha jaribu kugusisha goti ukutani bila kisigino kunyanyuka. Fanya kwa miguu yote miwili. Kama wa kulia unashindwa, au unabaki nyuma ya wa kushoto, kifundo hakikunjiki vya kutosha, na kile ambacho kifundo kinakataa kukifanya unyayo unalazimika kukifanya.

Uzito nao unachangia, sitakuficha, na uamuzi wako wa kuupunguza ulikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kasi tu. Endelea na nia hiyo kwa njia isiyogonga kisigino: baiskeli au kuogelea. Usikubali mtu akuambie huwezi kutibiwa mpaka upungue kwanza.

Basi ufanye nini? Kwanza, acha kutembea pekupeku kwenye sakafu ngumu. Najua ulidhani unaupumzisha mguu, lakini kwa sasa unauongezea kazi. Viatu viwe kando ya kitanda, uvivae kabla unyayo haujagusa sakafu. Kiatu kizuri kwako sasa kina soli laini kidogo, kisigino kilichoinuka kidogo kuliko mbele, na hakikunjiki katikati ukikibana kwa mikono. Soli laini za kuwekea ndani husaidia wengi. Zile zilizo tayari zinatosha. Za kutengenezewa kwa vipimo vyako ni ghali zaidi, na kwa wagonjwa wa kawaida hazijaonyesha kuzishinda. Darasani, kila unapoweza kukaa, kaa, na usisimame sehemu moja kwa muda mrefu.

Pili, kunyoosha ukanda kabla ya hatua ya kwanza. Ukiwa bado kitandani, weka mguu juu ya goti la pili, shika vidole vyote pamoja uvivute kuelekea ugoko mpaka uhisi unyayo unakaza. Shikilia kwa kuhesabu hadi 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, na ile ya asubuhi usiikose hata siku moja. Ya pili iwe kabla ya kunyanyuka baada ya kukaa muda mrefu. Mazoezi haya yalipimwa na Benedict DiGiovanni na wenzake huko Marekani, na matokeo yao ya mwaka 2003 yalionyesha yanaisaidia hatua ya kwanza ya asubuhi kuliko kunyoosha shavu la mguu pekee. Wewe fanya yote mawili ikiwa jaribio la ukutani limekufelisha.

Tatu, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: kulijengea nguvu eneo hilo. Mwaka 2015 Michael Rathleff na watafiti wenzake wa Denmark walilinganisha kunyoosha na zoezi la kunyanyua kisigino kwa uzito, na baada ya miezi 3 kundi la uzito lilikuwa limepata nafuu kubwa zaidi. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa sawa, kwa hiyo siwezi kukuambia ni muujiza. Linakuvusha mapema zaidi, na kwa mtu anayesimama kazini miezi hiyo ni mingi.

Zoezi ni hili. Simama kwenye ngazi, sehemu ya mbele ya unyayo ikiwa juu ya ukingo na kisigino kikiwa hewani. Viringisha taulo uliweke chini ya vidole ili viwe vimeinuka. Hilo taulo ndilo linaloukaza ukanda, usiliruke. Shika ukuta au reli. Panda polepole kwa sekunde 3, tulia juu kwa sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Siku moja fanya, siku inayofuata pumzika. Lengo la mwanzo ni mara 12 kwa mguu mmoja, mizunguko 3, na ile ya 12 iwe ya kukushinda kidogo. Ukishindwa kwa mguu mmoja, anza na miwili bila aibu. Baada ya wiki 2 vaa begi mgongoni lenye vitabu, punguza hadi mara 10 lakini mizunguko iwe 4. Wiki 2 nyingine zikipita ongeza vitabu, mara 8, mizunguko 5.

Litauma. Watu huacha hapa, wakidhani wanajiumiza. Kama maumivu yote ni 10, yakifika 3 au 4 wakati wa zoezi vumilia. Kipimo cha kweli ni asubuhi ya kesho yake: kama hatua za kwanza hazijawa mbaya kuliko jana, uko sawa. Zikiwa mbaya zaidi, punguza vitabu au mzunguko mmoja, usiache. Kutembea kwa mazoezi kurudi baadaye, asubuhi zikishakuwa nyepesi: anza na dakika 15 siku moja moja, ongeza dakika 5 kila wiki.

Yapo mengine ya kusaidia njiani. Kufunga unyayo kwa plasta ya kunata, ukiwa umefundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, hutuliza kwa siku chache na kunafaa wiki ya mitihani. Kifaa cha kuvaa usiku kinachozuia unyayo kuelekea chini huwafaa baadhi, ingawa wengi hukivua usiku wa manane kwa kukosa usingizi. Barafu haina madhara ukiifunga kwenye kitambaa, nayo haitibu. Vidonge kama ibuprofeni au diklofenaki ni vya siku chache tu, na kama una vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au shida ya figo usivimeze kabla ya kuongea na daktari.

Sindano ya steroidi ni nafuu ya muda. Uliiona mwenyewe: wiki 5, kisha ukarudi mwanzo, kwa sababu ilinyamazisha maumivu na ukanda ukabaki kama ulivyokuwa. Kila ukiirudia, hatari zake mbili zinakua: ule mto wa mafuta unaolinda kisigino unaweza kusinyaa, na ukanda wenyewe unaweza kukatika. Siipingi kwa kila mtu. Mgonjwa ambaye maumivu yanamzuia hata kuanza mazoezi ningeweza kumkubalia moja, ikiongozwa na ultrasaundi, akijua kwamba zile wiki za nafuu ni za kufanyia mazoezi taratibu wala si za kurudia mwendo wa saa nzima. Wewe bado hujafika huko.

Tiba ya mawimbi ya mshtuko, yaani mashine inayopiga kisigino kwa mawimbi ya sauti, pale inapopatikana, ni jambo la kufikiria ikiwa miezi kadhaa ya mazoezi ya kweli haijaleta kitu. Huwasaidia baadhi, na haina hatari za sindano. Upasuaji, ambao hukata sehemu ya ukanda, ni wa wachache waliojitahidi miezi 6 hadi 12 bila mafanikio, kwa sababu ukanda uliokatwa hauwezi tena kulibeba tao la unyayo kama zamani.

Kati ya wagonjwa 10, 8 au 9 hupata nafuu ndani ya mwaka bila kupasuliwa. Hata hivyo usitarajie njia iliyonyooka. Kutakuwa na wiki nzuri mbili, kisha siku moja ya kusimama sana itakurudisha nyuma, na utadhani umeharibu kila kitu. Hujaharibu. Andika kila asubuhi namba ya maumivu ya hatua za kwanza, linganisha mwezi na mwezi, usilinganishe siku na siku.

Kuna mambo ambayo sitaki uyasubirie nyumbani. Bana kisigino kwa viganja kutoka pande zote mbili. Kama hilo ndilo linalouma sana, huenda mfupa una ufa mwembamba, na kwa kuwa ulianza kutembea ghafla, ukilipata usianze zoezi la ngazi kabla ya kuchunguzwa. Nenda pia ukihisi ganzi, kuungua au miguu kuchonyota, maana hapo mishipa ya fahamu inahusika, kwenye kifundo au hata mgongoni. Maumivu yanayokuamsha usiku ukiwa umelala tu, homa, wekundu na uvimbe, au kukonda bila sababu, hayo ni ya kuonwa mapema. Visigino vyote viwili vikiuma pamoja na mgongo unaokakamaa zaidi ya nusu saa kila asubuhi, au macho yanayokuwa mekundu na kuuma, mwambie daktari yote kwa pamoja, kwani yapo magonjwa ya viungo yanayoanzia kisiginoni. Na kwa kuwa umeshachomwa, ukisikia kitu kimekatika ghafla chini ya unyayo kikifuatiwa na alama ya damu iliyovilia, acha kuukanyagia mguu uende siku hiyohiyo. Kama una kisukari, usifanye lolote kati ya haya kabla miguu yako haijakaguliwa ngozi na hisia.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, anza kesho asubuhi kabla ya kushuka kitandani, na ujipe wiki 12. Zikiisha na namba zako hazijashuka, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa mifupa ukiwa na daftari hilo na viatu unavyovaa darasani. Mwombe akague kifundo na mgongo pia, na aupime unene wa ukanda kwa ultrasaundi kabla ya kuzungumzia sindano nyingine.